Makumbusho: Tuulize pia habari za nyumba zisizoonekana

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Msemo huu hausikosi kusikika katika hotuba za shuleni, lakini ni nadra kuuona ukitendewa kazi. Mahali pamoja panapofaa kuupima ni katika ziara za wanafunzi wetu.

Shule kadhaa za huku Butali na viunga vyake hukodi mabasi na kuwapeleka wanafunzi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350. Mzazi anayengoja malipo ya miwa hujinyima ili mwanawe naye aone. Miongoni mwa mahali panapopendwa ni nyumba ya Karen Blixen, iliyo karibu na vilima vya Ngong. Nami nimeizuru, na sina nia ya kumkataza mtu kwenda. Ninalouliza ni hili: mtoto wa Butali arudi nyumbani na nini?

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, raia wa Uswidi. Karen Blixen, mwandishi aliyetoka Denmark, alihamia humo mwaka 1917 pamoja na mumewe, wakalima kahawa. Shamba halikustawi, na mwaka 1931 likauzwa, naye akarejea kwao. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo mwaka 1964 na kuitunuku Kenya iliyokuwa imejipatia uhuru. Ilifunguliwa rasmi kuwa makumbusho mwaka 1986, baada ya maisha ya mwenyewe kutengenezewa filamu iliyovuma ulimwenguni. Baadhi ya vyombo vinavyoonyeshwa humo vilitoka katika filamu hiyo. Mwanafunzi afahamishwe jambo hilo mapema, asije akadhani kila akionacho kilishikwa na mkono wa Blixen.

Bustani yake inapendeza. Nyasi zimekatwa zikalingana, miti mikubwa imetandaza vivuli, na mitambo ya kale ya shamba ingali pale. Ukisimama nyuma ya nyumba, vilima vya Ngong vinaonekana waziwazi. Lakini mwalimu aliye macho hatawaacha wanafunzi wake wapige picha tu na kuondoka. Atawauliza: Je, Farah Aden, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba hii, alilala wapi? Kamante Gatura, kijana aliyetibiwa vidonda vya miguu kisha akawa mpishi hodari, aliishi katika nyumba gani? Na wale maskwota Wakikuyu, waliotakiwa kufanya kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi katika ardhi ile, vibanda vyao viko wapi?

Havipo. Shamba lilipouzwa, maskwota walitakiwa kuondoka. Blixen aliwaombea wasitawanywe, wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Nyumba ya mawe ikabaki, na nyumba za udongo na nyasi zikarudi kuwa udongo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kutokuwapo kwa nyumba zile hakutokani na hila ya watunzaji. Ukuta wa mawe husimama miaka mia moja hata ukipuuzwa, ilhali nyumba ya udongo huhitaji kukandikwa na kuezekwa upya mara kwa mara. Kwa hiyo, tukiihifadhi historia kwa kufuata kuta zilizosimama, tutawakumbuka waliokuwa na mawe na kuwasahau waliokuwa na udongo. Na wetu wengi walikuwa na udongo.

Hata hivyo, si kila kilichokosa ukuta hupotea. Mwaka 1975 masimulizi ya Kamante yalichapishwa kitabuni, kwa sababu kuna aliyejitaabisha kumsikiliza angali hai. Huko Matungu, katika kaunti yetu hii ya Kakamega, kuna kituo cha utamaduni kinachoenzi enzi ya akina Nabongo wa Wanga, akiwemo Mumia aliyefariki mwaka 1949. Na karibu na Webuye, si mbali na hapa, kuna Chetambe, mahali Wabukusu walipopambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Ni wanafunzi wangapi wa Butali wamefika huko kabla ya kupelekwa Nairobi?

Wapo watakaosema kwamba kaunti ina hospitali na barabara za kushughulikia kwanza. Ni kweli, na sidai majumba ya fahari. Lakini Katiba ya mwaka 2010 iliweka makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti, na kazi ya kwanza haihitaji saruji. Yahitaji daftari. Kila shule na iandikishe maboma ya kale ya kata yake: nani aliishi hapo, alitokea wapi, alifanya kazi gani, alizikwa wapi, na mti gani aliupanda uniani. Katika maboma yetu, mti wa murembe uliotumiwa kulia viapo waweza kufundisha mengi kuliko kabati la vioo. Wanafunzi wa historia waulize, wa Kiswahili waandike, na nakala moja itunzwe na kaunti.

Hili lisisubiri bajeti ya mwaka ujao. Nyumba ya mawe itatungoja. Wazee wanaokumbuka nyumba za udongo hawatatungoja, na kila tunapomzika mmoja wao kabla ya kumuuliza, boma jingine hupotea pamoja naye. Walimu wenzangu, tuwapeleke watoto Nairobi tukiweza. Ila kabla basi halijawashwa, tuwapitishe kwanza kwa jirani.