Si lazima mtoto aruke gredi ndipo awike katika mashindano ya hisabati

WAZAZI wenye watoto wa sekondari msingi walio na kipaji cha hisabati hukabiliwa na swali gumu: mtoto ataandaliwaje kwa mashindano ilhali shule haina darasa la wanaokwenda kasi? Katika Gredi ya 7, 8 na 9, wote hufuata mtaala mmoja kwa mwendo mmoja.

Wengi hukimbilia kumlipia mwalimu wa kando ili mtoto asome mapema mada za sekondari ya juu. Ni njia ghali, na kwa kiasi kikubwa hukosa shabaha. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka wa 1959 na kufika Afrika mara ya kwanza mwaka wa 2014 jijini Cape Town, ndiyo kilele cha mashindano haya. Hata huko, maswali yote sita hayahitaji kalkulasi.

Tazama swali hili la kiwango cha chini zaidi. Iwapo 2 itaandikwa mara 100 na zote kuzidishwa pamoja, jibu litaishia kwa tarakimu gani? Mtoto akiandika 2, 4, 8, 16, 32, 64, ataona miisho ikijirudia: 2, 4, 8, 6, kisha 2 tena. Mzunguko ni wa hatua nne, na 100 hugawika kwa nne. Jibu ni 6. Kuzidisha huko hakumshindi mwanafunzi wa Gredi ya 6. Asichokizoea ni kukaa na swali nusu saa bila kujua aanzie wapi.

Hilo halikuzuka jana. Karatasi ya hisabati ya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, na ilituza kasi.

Chama cha hisabati kinachokutana mara moja kwa wiki, swali moja au mawili ubaoni, wanafunzi wakieleza wenyewe walivyofikiri, kinaweza kuziba pengo hilo. Maswali ya mashindano ya miaka iliyopita hupatikana bure kwenye intaneti. Wala hakigongani na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, iliyopiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Mwalimu naye si lazima awe bingwa. Yatosha akubali kusema hajui, kisha atafute jibu pamoja na watoto.

Tatizo ni kwamba vyama vya aina hii mara nyingi hutegemea mwalimu mmoja mwenye moyo. Akihamishwa, chama hufa, na mtoto wa mzazi asiye na uwezo ndiye hukosa pa kwenda.