Kambi Imejaa, Lango Bado Linapokea

Video zilizosambaa Julai 2025 kutoka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, ziliwaudhi wengi: magari ya utalii yamejipanga ukingoni mwa Mto Mara, abiria wameshuka, nyumbu wamezibiwa njia ya kuvukia. Zikafuata ahadi za askari zaidi, mabango zaidi na elimu zaidi kwa madereva. Msimu ukapita, na mjadala ukapita nao. Mimi niliudhiwa na majibu kuliko nilivyoudhiwa na picha. Katika maneno yote yale sikusikia swali moja jepesi: magari mangapi yanatosha pale?

Nauliza nikiwa Morogoro, ambako nyumbu wa Mikumi hawana safari za kuitangaza nchi duniani. Swali hilohilo linatuhusu, na linatuhusu usiku kuliko mchana: mahema mangapi yanatosha kambini? Msimamo wangu ni kwamba kila kambi ya umma ndani ya hifadhi iwe na idadi yake inayojulikana, lango liache kuuza idadi hiyo ikitimia, na lisifunguliwe eneo jipya la kambi popote mkoani hapa, hasa Milima ya Uluguru, kabla hilo halijafanyika.

Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964. Ina kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaipasua kwa kilometa kama 50, ndiyo maana wengi wetu tumewaona twiga wake kupitia dirisha la basi bila kulipa hata senti. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, safari ya Dar es Salaam mpaka Morogoro imekuwa ya chini ya saa mbili. Ongeza maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, yanayoleta watu wa kanda nzima ya mashariki mjini kwetu katikati ya kiangazi, wakati nyasi zimekauka, wanyama wanaonekana kirahisi na shule za Ulaya zimefungwa. Ongeza Idd na wiki ya Krismasi.

Kambi za umma za Mikumi bado hazijawa kama zile za Seronera, katikati ya Serengeti, ambako Julai na Agosti mahema hukaribiana kiasi cha mtu kumsikia jirani akikoroma, na banda la kupikia hushikwa mapema na wapishi wa kampuni za utalii. Hazijawa. Zinaelekea huko, na sioni kitakachozizuia.

Wapo wanaosema nchi inahitaji fedha. Kweli. Ilani ya chama tawala ya 2020 iliweka lengo la watalii milioni 5 ifikapo 2025, na mwaka 2024 wageni wa nje na wa ndani kwa pamoja walivuka hapo. Wapo wanaosema ukiweka kikomo unamfungia nje mwananchi, kwa kuwa mwenye dola atawahi nafasi zote miezi sita kabla. Dawa yake ni kutenga sehemu ya nafasi ziuzwe langoni siku ileile. Wengine husema Mikumi ni kubwa, nafasi haiwezi kuisha. Anayesema hivyo hajawahi kulala kambini. Mtu hapigi hema kwenye kilometa za mraba 3,230. Anapiga penye maji, choo na uwanja uliofyekwa, na hapo ni padogo.

Kwangu mimi neno la kuamua ni ada. Ada ya kambi katika hifadhi zetu hutozwa kwa kichwa, kwa saa 24. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unachukua risiti, unaingia. Risiti ile inasema umelipia kulala. Haisemi utalala wapi. Hakuna kiwanja namba 4 wala namba 9. Kuna kambi, na ndani ya kambi kuna aliyewahi na aliyechelewa. Aliyewahi anapata kivuli. Wa saa kumi na mbili jioni anapata kipande kilichobaki kwenye njia ya kwendea chooni, na usiku kucha anasikia nyayo zikipita kichwani pake.

Ukitoza kwa kichwa, huna sababu ya kusema pamejaa. Mtu wa 20 analeta fedha sawa na wa kwanza, na wa 60 vivyo hivyo. Hasara ya kujaza haimwangukii anayeuza. Inaliangukia shimo la choo linalofurika kabla ya wakati wake, tangi la maji linalokauka saa mbili usiku, familia yenye watoto iliyosukumwa ukingoni gizani, na tembo aliyezoea kupita mahali pale tangu kabla hapajawa kambi. Konda wa daladala za Msamvu naye hufanya biashara kwa kichwa, lakini yeye angalau kuna trafiki atakayemsimamisha njiani. Kambini trafiki hayupo.

Tena aliyechelewa hana pa kwenda. Magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku, kwa hiyo hawezi kusema ngoja nijaribu kwingine. Kiingilio ameshalipa, kambi ameshalipa, jua limezama. Ndiyo maana sina subira tena na wanaotuambia kwamba tatizo ni ustaarabu wa wageni. Mwelimishe mgeni utakavyo, mwekee mabango kwa lugha sita. Hema lake bado litahitaji mita zake tatu za ardhi. Kama ardhi hiyo haipo, kuna mtu aliyeiuza bila kuwa nayo. Dukani hilo lina jina, na halisamehewi kwa semina.

Na asije mtu kuniambia kuhesabu hakuwezekani. Hifadhi hizohizo zina kambi maalumu, ambazo kundi moja hupewa peke yake kwa kuweka nafasi mapema na kulipa ada ya juu zaidi. Maana yake utaratibu wa kuhesabu upo na unafanya kazi, ila umewekewa mwenye uwezo. Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, watu hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na vitanda vikiisha vimeisha. Kwa upande wa mahema, Machame na Lemosho, makundi hukutana Barafu na kubanana juu ya mawe usiku wa kuelekea kileleni. Shirika la hifadhi ni lilelile, mlima ni uleule. Mahale kundi linalokwenda kuwatazama sokwe halizidi watu sita, kwa saa moja. Bwindi, Uganda, ni wageni wanane kwa familia moja ya gorila. Hata abiria wa SGR anashuka Morogoro akiwa na tiketi yenye namba ya behewa na ya kiti. Serikali iliyoweza kumhesabia kiti kwa safari ya saa mbili inashindwaje kumhesabia hema kwa usiku mzima?

Wamarekani nao wana taabu zao. Nafasi za kambi za hifadhi yao ya Yosemite msimu wa kiangazi huisha dakika chache baada ya kufunguliwa mtandaoni, na wanaokosa hulalamika sana. Wana haki. Ila aliyekosa Yosemite anajua akiwa bado nyumbani, gari halijawashwa.

Halafu kuna jibu ambalo hunikera kuliko yote: "Si waende milimani?" Kana kwamba Uluguru ni uwanja wa akiba, umewekwa pale nyuma ya mji kusubiri watu waliozidi Mikumi. Msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, zaidi ya hekta 24,000 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Una ndege na vyura wasiopatikana popote pengine duniani. Vijana hupanda Morningside, kwenye nyumba ile ya enzi za Wajerumani, na wenye pumzi huendelea hadi Bondwa kwenye minara. Wapande. Lakini maji yanayoteremka mlimani, kwa Mto Morogoro, Ngerengere na Mgeta, huishia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Kule juu ardhi ina mteremko mkali. Kinachochimbiwa shimo la haraka nyuma ya hema Jumamosi, mvua ikinyesha kinashuka kijitoni.

Na Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, wana kumbukumbu ndefu kuhusu kupangiwa ardhi yao. Mwaka 1955 walifanya ghasia kupinga mpango wa wakoloni wa kuwalazimisha kulima kwa matuta ya ngazi, mpango ulioelezwa kuwa ni wa kuokoa udongo na maji. Ukoloni ukaondoka, sababu ikabaki: hadi leo mkulima anaambiwa asogee mbali na chanzo, asilime juu ya mpaka, asikate. Sibishi, msitu unahitaji mipaka. Ila mkulima akivuka mpaka kwa hatua kumi na jembe lake atatafutwa mpaka apatikane, halafu tunataka kumpandishia mlimani umati wa wikiendi ambao hatujaamua uwe wa watu wangapi. Hapo mlima haulindwi, unabadilishiwa watumiaji.

Kazi ninayoidai ni ndogo na inaweza kwisha kabla ya Krismasi. Apelekwe mtu mwenye futi kamba na kopo la rangi nyeupe. Apime kila kambi ya umma Mikumi, ahesabu vyoo na ujazo wa tangi, agawe viwanja, aandike namba kwenye mawe. Namba hizo ziingizwe kwenye mfumo uleule unaotoa namba za malipo. Kama viwanja ni 25, namba ya malipo ya kiwanja cha 26 isitoke, na aliyeikosa aambiwe palepale langoni saa nane mchana, angali na muda wa kutafuta gesti Mikumi mjini.