Mbege ya Bomang'ombe iuzwe kwa umri wake

Jumamosi moja nilikaa na jamaa zangu Bomang'ombe, karibu na pale barabara ya Sanya Juu inapoachana na ile ya Arusha. Tukaagiza mbuzi choma, mtori na mbege.

"Shikamoo mama. Hii ni ya lini?" nikamuuliza muuzaji.

"Marahaba mwanangu. Mbege ni mbege," akajibu huku akijaza kata.

Ilikuwa ya jana, imeshachachuka. Kwangu mimi niliyekula nyama ilifaa sana, kwani uchachu huondoa utando wa mafuta mdomoni. Mwenzangu wa mtori aliiacha nusu. Yeye alitaka changa, ambayo bado ina utamu wa ndizi. Bei ilikuwa moja.

Wajapani tunawafahamu tangu miaka ya 1980, walipotusaidia kilimo cha mpunga cha umwagiliaji Moshi ya chini, huko Chekereni. Kwao mchele ndio unaozaa sake. Wao hutumia kuvu iitwayo koji kugeuza wanga kuwa sukari. Sisi kazi hiyo tumeiachia kimea cha ulezi, na uchungu tunaupata kwenye gome la msesewa. Utaalamu tunao. Tofauti ni kwamba chupa yao humweleza mteja anachonunua. Ikiandikwa daiginjo, ujue punje ya mchele imekobolewa hadi ikabaki nusu au pungufu. Muuzaji atasema pia kama inywewe baridi au ya moto, na kwa samaki mbichi au kwa nyama ya kuchoma. Desemba 2024 UNESCO iliingiza utengenezaji huo katika orodha ya urithi wa utamaduni.

Mama zetu hawahitaji chupa. Chaki inatosha: ndoo ya leo iandikwe leo, ya jana iandikwe jana, na changa iuzwe ghali kidogo. Mtindo wa kuchanganya masalio na mbege mpya ili yasitupwe unaharibu zote mbili, na mnywaji mzoefu hadanganyiki.

Masalio yana soko lake, nalo ni nyama. Mchoma nyama akiuza sahani moja pamoja na kata ya mbege ya jana, wote wawili watapata. Siku ile banda lake lilipakana na la yule mama, ukuta mmoja wa mabati katikati, na kila mmoja alikuwa akingoja wateja wake.