Kwa nini mfuko wa bima ya afya huishiwa fedha?

Umelipia bima mwaka mzima na hukuugua. Je, fedha yako imepotea? Hapa Mdandu naulizwa swali hili sana baada ya mavuno, wakati mtu ana fedha ya mahindi mkononi na anaona afadhali anunue mbolea.

Haijapotea. Imemtibu mwenzako aliyeugua, na sehemu yake inatakiwa kubaki kama akiba. Akiba hiyo ndiyo hulipa hospitali pale madai yanapozidi michango, kwa mfano ugonjwa ukilipuka au bei ya dawa ikipanda. Mfuko usio na akiba huchelewa kulipa. Kituo kisicholipwa hakinunui dawa, na wewe unaambiwa dirishani ukanunue nje.

Unakumbuka Toto Afya Kadi ya NHIF? Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Piga hesabu: watoto 10 wanaleta 504,000. Wakiwa wazima wengi, fedha hiyo inamtosha mmoja anayeugua malaria au nimonia. Lakini wazazi wengi walisubiri mpaka mtoto augue ndipo wakate kadi. Mtoto mmoja akihitaji upasuaji wa moyo au matibabu ya saratani, michango ya wenzake wote tisa imekwisha na bado haitoshi. Machi 2023 NHIF ilisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja, watoto wakaelekezwa kupitia familia au shule. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila kwa maoni yangu mlango ulifungwa ghafla mno kwa mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa mgongoni.

Tusiwalaumu wazazi peke yao. Wapo wanaoazimana kadi, na wapo watoa huduma wanaodai malipo ya vipimo ambavyo havikufanyika. Zote hizo zinachotwa kwenye mfuko uleule.

Upande wa CHF iliyoboreshwa, kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, yaani 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Sidhani kama mfuko ungeweza kuweka akiba ya maana hapo. Kampuni binafsi zinasimamiwa na TIRA: zinatakiwa kuwa na mtaji, na hukata bima mtawanyo ili hasara kubwa isibebwe na kampuni moja.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inataka kila mkazi awe na bima. Hiyo ndiyo dawa ya tatizo la kujiunga tukiwa wagonjwa tu, mradi wazima nao waingie kweli na fedha ilindwe.

Kabla hujalipa, uliza: kadi itaanza kutumika lini? Inafika hospitali ya mkoa au inaishia kituo cha afya? Magonjwa gani hayamo? Chukua risiti, na usisubiri mtoto apate homa.