25 Desemba Pia ni Bathdei ya Newton, na Salgaa Tuna Sababu ya Kuisherehekea

Wasee, Desemba hii naleta hoja moja tu. Tarehe 25, mkishatoka kanisani na kabla mbuzi aishe, tumsherehekee Isaac Newton.

Jamaa alizaliwa Uingereza tarehe 25 Desemba 1642. Najua kuna mjuaji tayari anaandika, "Ni 4 Januari 1643!" Uko sawa, buda, kwa kalenda ya sasa. Waingereza walikuwa bado na ile ya zamani, wakaibadilisha 1752. Lakini siku mamake alipomzaa, kwao ilikuwa Krismasi. Sisi tunakula 25.

Na si mimi nimeitunga. Mwishoni mwa karne ya 19 wanafunzi wa fizikia kule Tokyo walikuwa wanakutana wakati wa Krismasi kumkumbuka Newton. Siku hizi wapenzi wa sayansi huiita Newtonmas.

Utasema hiyo ni sherehe ya watu wa theluji, sisi Desemba ni jua na vumbi. Sikia basi. Mwaka 1672 Mfaransa anaitwa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na ikweta. Saa ikaanza kuchelewa, kama dakika mbili na nusu kila siku. Newton akaichukua hiyo stori kwenye kitabu chake cha 1687: dunia inazunguka, imefura kidogo katikati, kwa hivyo huku mvutano unapungua. Ikweta yenyewe ndiyo hiyo hapo Mogotio. Ukiwa na kilo 60 hapa, mizani ya springi kule ncha ya dunia itakuongezea karibu gramu 300. Manze, hata kitambi kinategemea mahali umesimama.

Na wazazi wasiogope. Newton aliamini Mungu na aliandika kurasa nyingi sana kuhusu Biblia. Hakuna anayefukuza Yesu kwenye bathdei yake.

Sasa tutoke kwa utani. Sisi wa Salgaa tunaishi kando ya mteremko ambao unafundisha fizikia kwa damu. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya 100. Tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa, basi na lori ziligongana uso kwa uso, watu 36 wakafa. Msimu huu huu wa sherehe.

Kila mara tunasikia shetani, majini, laana ya barabara. Hebu tupige hesabu. Lori la tani 40 likishuka mita 100 kwenda chini, linaachilia nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji. Hiyo ni mitungi mitano ya lita 20. Dere akitumia gia nzito, injini inabeba sehemu ya huo mzigo. Akiweka nyutro ndio abanie mafuta, mzigo wote unaangukia breki. Breki zinashika moto, zinakataa kushika. Halafu kumbuka, ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Jini halihitajiki hapo.

Mimi kampasi niliiacha, na hesabu hii sikuhitaji digrii kuielewa. Makanga anaweza kuielewa. Mama wa chapati pale steji anaweza. Na abiria anayeielewa ana haki ya kusema, "Dere, weka gia," bila kuona haya.

Kwa hivyo sheria za sherehe ni tatu. Moja, angusha embe moja na jiwe kutoka juu ya mti, watoto wabeti gani itatangulia kufika chini. Mbili, funga jiwe kwa kamba ya mita moja, hesabu linabembea mara ngapi kwa dakika. Ongeza uzito, hesabu tena, uone kama idadi itabadilika. Tatu, yule mjomba anayeendesha lori akija nyumbani, mpe nyama kwanza, halafu mwombe awaeleze watoto anavyoshuka Sachangwan akiwa na mzigo. Atapenda kuulizwa, na yeye ndiye mwalimu wa fizikia tuliye naye karibu zaidi.

Tarehe 25, saa nane mchana. Kuja na embe.