Mizani ikigoma, mama asikate tamaa

Wiki ya kwanza bila soda wala chapati, mizani hushuka na mama hufurahi. Wiki ya nne mshale hausogei, naye huona bora aache. Kumbe kilichopungua haraka mwanzoni kilikuwa zaidi maji ya mwilini. Mafuta hupungua polepole, na nusu kilo kwa wiki inatosha.

Ajipime mara moja tu kwa wiki, asubuhi kabla ya chai, na kiuno akipime kwa futi ya fundi cherehani. Makombo ya watoto asiyamalizie yeye. Na asijitukane mbele ya kioo: binti aliyesimama mlangoni anasikia, na kesho atautazama mwili wake kwa macho hayo hayo.