Moteli ya Familia na Saa Zisizoandikwa

Ndugu wafanyakazi, hakuna hata mmoja wetu, awe wa kiwanda cha nguo au wa shamba la miwa, ambaye hajapata kuambiwa na meneja wake kwamba "sisi hapa ni familia moja." Neno hilo lina siku zake. Siku ya kugawana faida halisikiki. Husikika siku tunapokwenda ofisini kuuliza saa za ziada za mwezi uliopita zimekwenda wapi. Kwa hiyo safari hii tumeona yafaa tutazame mahali pa kazi ambapo kweli ni pa familia, yaani baba, mama na watoto, ili tuone undugu unazifanya nini saa za kazi.

Mahali penyewe ni moteli. Kwa msomaji ambaye hajaiona, moteli ni nyumba ya wageni iliyojengwa kwa ajili ya mtu mwenye gari. Milango ya vyumba hufunguka nje moja kwa moja, na gari husimama hatua tatu kutoka kitandani. Jina hili liliundwa Marekani kwa kuunganisha maneno mawili, la gari na la hoteli, na nyumba ya kwanza kulichukua ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1925 katika mji wa San Luis Obispo, jimbo la California, si mbali na bahari ya Pasifiki. Aliyeibuni alikuwa mchoraji wa majengo, Arthur Heineman. Aliona kwamba magari ya siku zile hayawezi kutoka Los Angeles na kufika San Francisco kwa siku moja, hivyo lazima watu walale njiani. Baada ya Vita Kuu ya Pili moteli zilizagaa kila barabara, hasa zile zinazofuata pwani, na nyingi zilikuwa mali ya mume na mke walioishi chumba cha nyuma ya ofisi.

Kisha mambo yakabadilika. Sheria ya mwaka 1956 ilileta barabara kuu mpya zilizoziacha kando barabara za zamani, na pamoja nazo yakaja makampuni makubwa yenye majina yanayofanana kutoka mji hadi mji. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika na wasafiri wakapungua. Wenye moteli ndogo wakaanza kuuza kwa bei ya kutupa.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi wa Uganda. Wazee wetu wanakumbuka Agosti 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90 kuondoka. Wanakumbuka pia yaliyofuata kwetu sisi tuliobaki: viwanda vilikosa vipuri, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 sukari ya nchi hii ilikuwa imeanguka hadi karibu na sifuri. Wengi wa waliofukuzwa walikwenda Uingereza, wengine Kanada. Waliopokelewa Marekani moja kwa moja walikuwa wachache, lakini wengine walifuata baadaye, wao na ndugu zao waliotoka Kenya, Tanzania na Gujarat kwenyewe. Huko walikuta wenzao wa kabila lao wamekwisha kuanza biashara ya kulaza wageni, tangu siku za Kanji Manchhu Desai aliyechukua hoteli ndogo mjini Sacramento mwaka 1942. Nao wakazinunua zile moteli kuukuu ambazo Wazungu walikuwa wamezichoka.

Kwa nini moteli, na si duka au karakana? Hesabu yake ni rahisi, na mfanyakazi yeyote ataielewa. Ukinunua moteli umepata nyumba ya kulala na kazi kwa siku moja. Fedha za kuanzia huchangwa na ndugu kwa kuaminiana, bila karatasi. Na gharama iliyo kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, yaani mshahara wa mfagiaji, wa mfuaji, wa mpokeaji wageni na wa mlinzi wa usiku, inafutika kabisa, maana kazi zote nne hufanywa na watu wa nyumbani. Yule wa kampuni kubwa hawezi kushindana na mtu asiyelipa mshahara.

Hatusemi walipata kwa urahisi. Makampuni ya bima yaliwanyima bima kwa sababu ya majina yao tu. Washindani wao walitundika vibao barabarani vya kutangaza kwamba nyumba zao ni mali ya Wamarekani, na kila dereva alijua maana yake. Ndipo mwaka 1985 baadhi yao wakaungana katika jimbo la Tennessee, na mwaka 1989 kikaundwa mjini Atlanta chama cha wenye hoteli Wamarekani wa asili ya Asia. Chama hicho leo kinasema wanachama wake wanamiliki karibu asilimia 60 ya hoteli zote za Marekani. (Msomaji azingatie: wenye mali waliponyanyaswa hawakukaa kulalamika vibarazani, waliunda chama. Tawi linalolegalega kukusanya ada lisome sentensi hiyo mara mbili.)

Mwaka 2024 sisi tulilala katika moteli moja ya aina hiyo, kusini mwa San Luis Obispo. Tulikuwa tumekwenda kuwatembelea wachumaji wa stroberi wa bonde la Santa Maria, na hoteli za mjini zilitushinda bei. Nyumba ilikuwa na vyumba 18, ya ghorofa moja, imepinda kama kiwiko kuzunguka uwanja wa magari. Taa ya kibao chake ilikuwa bado ile ya mirija ya zamani, nusu ya herufi zimezimika. Mlango wa ofisi ulikuwa na kengele, nyuma ya meza palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia palinukia bizari na vitunguu vikikaangwa. Asubuhi ukungu wa baharini ulifunika kila kitu hata magari yakaonekana kama ng'ombe waliolala.

Mwenye nyumba alipoona pasi zetu alicheka kwa sauti. "Jinja! Mimi mtoto ya Jinja, bwana." Alikuwa ameondoka na miaka kumi na minne. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, lakini kilitosha. Usiku ule alitukalisha nyuma ya pazia na mkewe akatupa chai ya maziwa yenye tangawizi. Wakatueleza maisha yao tangu waliponunua nyumba ile mwaka 1986.

Tulifanya hesabu pamoja nao kwenye karatasi. Mzee huamka saa kumi na moja alfajiri. Kengele ya mwisho hulia saa tano ya usiku, na nyingine baada ya hapo akiwa amelala, nazo hazimo katika hesabu. Hiyo ni saa 18. Tukitoa saa nne za kula na kupumzika zinabaki 14, mara siku saba ni saa 98 kwa wiki. Mkewe ni vivyo hivyo, pamoja na kupika. Watoto wawili walikunja foronya kila walipotoka shule. Binti alitwambia alijifunza hesabu akiwa amekaa juu ya mashine ya kufulia. Kwa mwanachama wetu anayefuata saa 48 za sheria, wiki moja ya mzee huyu ni zaidi ya wiki zetu mbili. Hakupokea mshahara hata mwezi mmoja. Lakini hati ya nyumba ina majina mawili, lake na la mkewe, na binti anajua itakuja kwake. Saa zile hazikuandikwa katika daftari. Ziliandikwa katika hati.

Basi hapo hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu uko kwa mtu wa tano.

Mtu wa tano ni mama mmoja wa Kimexico anayesafisha vyumba. Amekaa pale miaka kumi na mmoja. Anapewa chumba cha mwisho, kile kilicho karibu na mashine ya barafu, bila kodi. Analipwa kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na analipwa kwa haki, kima cha chini cha jimbo, ambacho mwaka ule kilikuwa dola 16 kwa saa. Jioni hukaa na mama mwenye nyumba wakakunja mashuka huku runinga imewashwa. Saa hizo hazilipwi. Tulimwuliza mzee kwa nini, naye akashangaa swali letu. "Hiyo si kazi, bwana. Hiyo ni mazungumzo tu. Huyu ni kama binti yetu."

Tukamwomba binti wa kweli, ambaye anajua Kihispania, amwulize mama yule naye anaonaje. Akajibu kwamba hao ni watu wema na kwamba mgongo unamwuma. Hakuongeza neno. Nasi tukauliza swali moja tu: kwa kuwa ni binti, je, jina lake limo katika hati? Mzee alikunywa chai yake. Alikuwa mtu mwema kweli, na wema wake ndio uliofanya jambo hili liwe gumu, kwa sababu tajiri mkali hugombwa mara moja, lakini nani atamgomba mtu anayekuletea dawa ukiugua?

Sheria ya Marekani inamlinda mama yule, kwa kuwa si ndugu wa damu. Angeweza kudai. Ile sheria ya mwaka 1938 iliyoweka kima cha chini na saa 40 kwa wiki iliwaacha nje watu wa namna mbili wanaotuhusu. Wa kwanza ni wafanyakazi wa mashamba: hawakupata kima cha chini mpaka mwaka 1966, na wale wa California hawakuanza kusogezwa kwenye saa nane za siku ila kwa sheria ya jimbo ya mwaka 2016. Wa pili ni mahali pa kazi ambapo wafanyakazi wa kudumu ni mwenyewe na familia yake tu. Huko sheria ilisimama mlangoni, haikuingia.

Tusicheke, maana na kwetu imesimama pale pale. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2006 inasema haimhusu mwajiri na ndugu wanaomtegemea, iwapo hao ndio wafanyakazi pekee wa shughuli ya familia na hawazidi watano. Watano! Pitia loji za Lukaya, za Malaba, za Naluwerere, ambako madereva wa malori hulala. Ni loji ngapi zina wafanyakazi zaidi ya watano? Anayefua mashuka ni mtoto wa dada. Anayekaa mapokezi usiku ni mpwa wa mke. Anayechota maji ni binamu aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya karo ya shule, na mwaka wa tatu sasa hajaliona darasa. Akiuliza mshahara huambiwa, "Wewe si unakula hapa?" Hana saa 48, hana siku moja ya mapumziko katika saba, hana likizo, hana pa kushtaki. Na hati ya kiwanja ina jina moja.

Hao ni watoto wetu, ndugu wasomaji. Wametoka katika nyumba za kambi za mashamba ya miwa na chai, kwa sababu mshahara wa baba haukutosha, na shangazi mwenye loji alionekana kuwa mkombozi. Wengine wetu tumewapakia sisi wenyewe kwenye matatu. Na wanapokua na kuingia kiwandani, huwa wamekwisha kufundishwa kwamba kuuliza saa ni utovu wa adabu. Meneja anayesema "familia moja" huvuna shamba alilolimiwa na shangazi.

Maoni yetu ni kwamba kifungu kile kipunguzwe, kisifutwe. Mume na mke wanaomiliki pamoja, na watoto wao wenyewe wanaosoma, wabaki nje ya daftari la serikali. Hakuna mkaguzi wa kazi atakayekaa jikoni mwa watu. Lakini mpwa, binamu, shemeji na kila ndugu asiye na jina katika hati ahesabiwe kuwa mfanyakazi, awe mmoja au watano. Chakula na kitanda vihesabiwe kwa bei, viandikwe, na kinachobaki kilipwe kwa fedha. Wako watakaosema tunaleta ubepari ndani ya ukoo. Sisi twaona ubepari ulikwisha kuingia siku mtu mmoja alipoanza kupokea fedha za wageni na mwingine kupokea matandiko machafu.

Tunajua kamati yetu haiwezi kupeleka jambo hili mbele kwa maneno matupu. Kwa hiyo makatibu wa matawi yaliyo kwenye barabara ya Malaba na ile ya Masaka wanaombwa wakutane na vijana wa loji zilizo karibu nao, jioni, nje ya loji, bila kelele, na kuwagawia daftari. Wasiojua kuandika wasaidiwe na mwenzao. Safu tatu zinatosha: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Daftari za mwezi mmoja zipelekwe ofisi ya tawi, majina ya vijana yasisomwe hadharani.